Nusu Saa ya Namba Kumi na Saba

Nyambura wangu,

Nimeolewa. Gauni lilikuwa na mikono mirefu ya lesi, kama ulivyotaka wewe, maana ulisema mvuke umenichoma vya kutosha na hakuna haja ya kuwaonyesha wageni makovu. Karanja ananiamsha kwa chai. Hebu mfikirie, mwanamume wa kichinjio na mikono yake mikubwa vile, anakibeba kikombe kama kifaranga. Tunakaa chumba kimoja hapa Dagoretti, na kila asubuhi nikimtazama akifunga viatu nafikiri hakuna mwanamke Nairobi nzima aliyebahatika kama mimi. Halafu nakukumbuka, na chai inanishinda.

Kule kwa dobi hakuna kilichobadilika. Bado tunaingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, bado ni kule chini kusiko na dirisha, bado tunapiga pasi tumesimama. Meza yako amepewa msichana wa Kawangware ambaye hasemi na mtu. Kila mtu bado ana kibati chake cha namba kwenye msumari. Nusu saa moja tu ya kutoka kupumzika kwa siku nzima, mmoja mmoja, na soja wa mlango wa nyuma anaandika namba kitabuni bila kuinua macho.

Yangu ilikuwa tisa, zamu ya saa tano. Yako ilikuwa kumi na saba, saa saba. Lakini Karanja alikuwa akileta nyama kwenye ile hoteli ya mtaa wa pili saa saba, kwa hiyo tukabadilishana. Wewe ukatoka na tisa, mimi nikatoka na kumi na saba. Tuliona tumewashinda akili. Unakumbuka siku ya kwanza niliporudi na matumbo yamefungwa kwa gazeti? Ulicheka mpaka ukashika meza. Wengine wanaletewa maua, ukasema, wewe umeletewa tumbo la ng'ombe. Tuliyapika Jumapili kwa mama yako Waithaka, na wewe uliyecheka ndiye uliyekula sahani mbili.

Sasa niandike ile siku. Nimeiruka mara nyingi mno.

Vilikuja vitambaa vya meza vya harusi ya watu wa Karen, marundo kwa marundo, na Mureithi akatangaza kwamba hakuna kutoka mpaka saa saba. Supavaiza akisema, nani atabisha? Saa tano yako ikapita hivyo hivyo. Ulikuwa umeshika kichwa tangu asubuhi. Dawa zako za presha zilikuwa ndani ya mkoba, na mikoba yetu ilikuwa kwenye kabati nje ya ule mlango, mahali ambapo huwezi kufika bila kibati.

Ilipofika saa saba zamu ya tisa ilikuwa imeshapita, ikabaki nusu saa ya kumi na saba tu kwa sisi wawili, na ilikuwa yako. Nilijua ni yako. Nilikuambia utoke wewe, lakini nilisema hivyo huku nimeshafungua aproni.

"Enda, Shiru," ukasema. "Nyama itaoza. Mimi nitamwomba Mureithi baadaye."

Sikukuuliza dawa ziko wapi. Nilikuwa nawaza kama nywele zangu zimekaa vizuri.

Karanja alikuwa kando ya gari la nyama, na lile koti lake jeupe lenye damu, na chapati mbili alizoninunulia. Akaniambia yeye hajui maneno, anachojua ni kwamba anataka tuzeeke pamoja. Nililia pale pale barabarani, watu wakipita. Nyambura, ilikuwa nusu saa tamu kuliko zote maishani mwangu. Mpaka leo ni tamu. Hilo ndilo linaloniua.

Nilirudi nikikimbia, nikakunong'oneza. Uliacha pasi ukanikumbatia, na shingo yako ilikuwa moto kama shuka iliyotoka kwenye mashine. Ukaenda kwa Mureithi. Nilikuona ukisimama mbele yake, nikamwona akielekeza kidole kwenye msumari. Namba kumi na saba imeshatoka na kurudi, akasema, unataka kutoka mara ngapi? Ungesema ukweli ningefukuzwa. Ukarudi mezani, ukanikonyeza kana kwamba ni mchezo. Saa tisa ukaanguka, na kitambaa cha watu kikaanguka nawe.

Mama yako alikwenda leba, ile ofisi ya mambo ya kazi, kulalamika, na afisa akaja. Mureithi akamfungulia kitabu. Namba kumi na saba, kutoka saa saba, kurudi saa saba na nusu. Marehemu alipumzika. Halafu tukaletewa karatasi, kila mmoja akubali kwamba siku ile watu wote walipewa nafasi yao. Nilitia sahihi. Mimi ni wa nne kwenye orodha, kwa ule mwandiko wangu mzuri wa shule. Zilikuwa zimebaki wiki tatu nifunge ndoa, na nilijiambia kwamba ukweli hautakurudisha. Kila mtu anayeogopa husema hivyo.

Mama yako alikuja harusini. Alileta blanketi. Kwenye chakula Karanja akasimama kuwashukuru watu, na kwa upendo wake, bila kujua lolote, akasimulia jinsi alivyonichumbia kando ya gari la nyama saa saba mchana, siku ile ile uliyotuacha. Akasema anamshukuru Mungu kwamba ulilisikia neno letu kabla ya kwenda. Watu wakapangusa macho. Mama yako akaweka kijiko chini. Afisa alikuwa amemsomea kile kitabu, na anajua tunatoka mmoja mmoja. Alinitazama tu, mimi na maua yangu. Kisha akachukua mkoba wake akaondoka.

Nilimwambia Karanja kesho yake. Siku ya kwanza ya ndoa yangu, fikiria. Akasema, "Kwa hivyo ni saa yake nilikuwa nakula." Hakuniambia si kosa langu. Nilitaka sana aniambie. Alivaa viatu tu, tukaenda Waithaka.

Mama yako alikuwa akimkatia ng'ombe majani. Nilimweleza nikiwa nimesimama, na panga halikusimama. Nilipomaliza akauliza kama ulikuwa umekunywa dawa.

"Hapana, Mama."

"Na wewe ulikula nini?"

"Chapati."

Alikusanya majani yote, akayapanga, akayafunga. Karanja alitaka kumbebea, akakataa. Kisha akasema, "Mimi umeniambia. Sasa ukawaambie hao waliosema mtoto wangu alipumzika."

Hakutukaribisha ndani.

Kesho saa nne tumeitwa leba kuhusu kifo chako. Mureithi atakuja na kitabu chake. Wenzetu wameniomba ninyamaze kwa sababu na wao walitia sahihi, na Wanja haniamkii tena. Nimeshaiaga ile kazi moyoni. Karanja amesema tutakula matumbo mpaka Mungu akumbuke mlango wetu, na nilicheka, Nyambura, nikajichukia kwa kucheka.

Nakuahidi hivi. Nitasema kwamba namba kumi na saba ya siku ile nilikuwa mimi. Nitasema saa tano yako alikunyima nani, na saa saba yako alikula nani, na sitajificha nyuma ya Mureithi. Nitaomba sahihi yangu ifutwe, na jina langu liandikwe mahali pa namba yako.

Sikuambii upumzike. Neno hilo Mureithi aliliandika kwenye shada la maua la kampuni. Nakuambia kwaheri tu, rafiki yangu, uliyenipa mume.

Wako,
Shiru