Mkutano wa Chama cha Sindano

Jumatatu, 2 Juni

Amekubali. Mwenyekiti wa tawi la chama chetu cha siasa atakuja Jumamosi kuwa mgeni rasmi. Mwaliko niliuandika kwa adabu kubwa kuliko anavyostahili — mheshimiwa huku, mheshimiwa kule.

Wasichana wa darasa la ushonaji wameunda chama cha kuigiza, wakakiita Chama cha Sindano. Mimi ndiye ninayewafundisha uraia, mwalimu mstaafu asiyejua kukaa nyumbani. Watafanya mkutano mkuu kamili: ajenda, hoja, mjadala, kura. Hoja kubwa ni ya kutokuwa na imani na mwenyekiti wao. Mashtaka nimeyatunga mwenyewe, na kila shtaka ni jambo alilolifanya yule mgeni rasmi. Atakaa kiti cha mbele, soda mkononi, asikilize matendo yake yakisomwa mbele ya watu.

Na msomaji nimemchagua mimi. Binti yake.

Jumatano, 4 Juni

Leo nimeeleza kura. Polepole, kwa sababu hapa ndipo watu huibiwa. Kuna kura ya siri. Kuna kura ya mstari: wagombea wanasimama mbele, wapiga kura wanajipanga nyuma yao, kila mtu anaonekana. Yule tunayemwita Redio, kwa jinsi anavyoongea, akasema hiyo ya mstari ndiyo safi, haina wizi. Nikamuuliza: na kama aliyesimama mbele ni bosi wako? Akanyamaza. Redio akinyamaza, ujue somo limeingia.

Mengine sikuwaambia. Kwamba nilipogombea uenyekiti wa tawi dhidi ya huyu mgeni wetu, yeye ndiye aliyeamua asubuhi ileile tupige kura ya mstari, huku akijua nusu ya wanachama wameajiriwa kiwandani kwake. Kwamba mdogo wangu, tumbo moja, aliinamisha kichwa akaenda kusimama nyuma yake. Bado yuko kiwandani kule. Hatujawahi kulizungumza. Yeye simlaumu. Wa kulaumiwa namjua.

Mwishoni nikawapa kanuni: mwenye maslahi katika jambo hutoka nje linapojadiliwa. Wakaandika wote.

Ijumaa, 6 Juni

Binti yake alibaki kunisaidia kukunja vitambaa. Mkimya yule. Akauliza, "Mwalimu, haya mashtaka ni ya kubuni?"

Nikasema ya kubuni.

"Mbona mengine nayajua?"

Nikamwambia siasa zinafanana kila mahali. Akajibu, "Sawa, Mwalimu," kwa sauti ileile ambayo fundi huitumia kumwambia mteja kwamba nguo itakuwa tayari kesho.

Nimepiga pasi gauni la bluu. Nataka anione vizuri.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido. Kando yangu ni mkoba wangu. Upande wa pili wa mkoba, yeye.

Tulianza vizuri. Redio ndiye mwenyekiti wa mkutano. Akatangaza kwamba akidi imetimia, yaani watu wanatosha kuamua, na mgeni rasmi akapiga makofi kama baba wa bibi harusi. Binti akasimama na karatasi yake. Nikasogea ukingoni mwa kiti ili niuone uso wa baba.

Hakusoma. Alisema, "Mwenyekiti, nina hoja ya utaratibu." Mashtaka haya hayakuandikwa na mwanachama, alisema. Aliyeyaandika yumo humu, na anayesemwa yumo humu. Wote wawili wana maslahi. Sasa kanuni tuliyofundishwa inasemaje?

Redio akanitazama kama anayeomba radhi, kisha akaitisha kura kama sisi wawili tutoke nje. Ya siri: kila mmoja atumbukize kifungo kwenye kopo, cheusi ndiyo, cheupe hapana. Wakamwaga mezani. Meza ikawa nyeusi. Ningefanya nini? Nilitoka.

"Umewafundisha vizuri, dada," ameniambia hapa, anacheka.

Nimemwambia mimi si dada yake.

"Huyo binti yangu hata nyumbani haniachii," akasema. "Sembuse wewe."

Nimerudi kuandika.

Mlango umefunguka. Ni katibu wao. Anasema mkutano umekubali kuyasikiliza mashtaka, ila yaletwe na mwenyewe, kwa jina lake, na mtuhumiwa akiwepo apate kujibu. Hilo ndilo nililolingoja miaka yote hii: yeye, mimi, na watu wanaosikiliza. Nikasema niko tayari, twende.

Katibu hakusogea. "Na kwa lile la kiwandani, Mwalimu, wanauliza shahidi ni nani."

Nimeomba dakika moja, nikajifanya kupanga hoja zangu humu daftarini. Katibu anangoja, kalamu mkononi. Na yeye ameacha kucheka. Hamtazami katibu, ananitazama mimi. Jina nitakalolitaja analijua. Anajua pia kwamba Jumatatu asubuhi mwenye jina hilo atapita getini kwake kuingia kazini.