Mguu wa Mtu wa Kale

Iringa,
14 Juni 1958

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Naamini barua hii inakukuta kifua kimeachia, maana baridi ya Juni huko Kiwira naijua, haina huruma na wazee. Mama hajambo? Na dada Sekela na wanawe? Mimi mwili ni mzima, chakula nala. Moyo ndio umechafuka, na nakuomba uisome barua hii peke yako kwanza, kabla Sekela hajamsomea Mama.

Uliponiruhusu nije kufundisha huku kwa Wahehe ulinipa kazi moja tu nje ya ualimu: nimtafute kaka Jailos. Nimemtafuta, Baba. Kila likizo nimezunguka mashamba ya chai na tumbaku, nikiwauliza wanyapara kama wamewahi kumwandika Mnyakyusa mrefu anayechechemea. Walinicheka, wakasema Wanyakyusa ni wengi kuliko viazi. Najua Mama bado anamwachia ndizi chunguni, na najua ulikataza kilio nyumbani mpaka tujue amelala wapi.

Sasa habari ya shule. Mwaka huu nilipewa darasa la saba, niwafundishe habari za viumbe vya kale. Wataalamu walikuwa wamechimba Isimila wakatoa mawe yaliyochongwa na watu wa zamani mno, nasi walimu tukapelekwa kutazama. Nilirudi kichwa kimevimba. Niliwaambia wanafunzi kwamba ardhi ni mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine, na wa chini ndio wa kale. Mchungaji anayesimamia shule yetu alininong'oneza nisije nikakiongezea kitabu cha Mwanzo sura zangu, lakini aliniacha niendelee.

Masika yalipokwisha niliwapeleka kwenye korongo nyuma ya shule, ambako mvua ilikuwa imemega ukingo. Tukakuta mfupa wa mguu umechomoza kwenye udongo mwekundu, umegandwa na tope gumu kama jiwe. Wanafunzi wakarudi nyuma. Tekla, binti mpole wa dawati la mbele, akasema ule ni wa mtu, tuuache. Niliwakaripia. Nikasema naam, ni wa mtu, lakini mtu wa kale, wanaogopa nini? Wewe wajua nilivyokulia, Baba: kwetu mtu huzikwa uani kwake, karibu na migomba, na watoto wakacheza hapo bila hofu. Kwa akili yangu hiyo, maiti isiyo na nyumba jirani haiwezi kuwa ya juzi. Lazima imezitangulia nyumba zenyewe. Nilijiona mwerevu kweli.

Nikauosha, nikauandika kwa wino mweusi wa kuchorea ramani: MGUU WA MTU WA KALE. Ukakaa mezani kwangu darasani. Chini ya goti una fundo, tena umepinda kwa nje. Niliwafundisha kuusoma. Huyu, nikawaambia, alivunjika akiwa mtoto, ndiyo maana mfupa ukakua na kilema chake. Na kwa kuwa aliishi, yuko mtu aliyemfunga vijiti na kumbeba. Mkaguzi alipokuja alilisifu sana somo hilo.

Jumatatu alikuja Evarista, bibi yake Tekla. Hakufoka. Aliomba tu mfupa urudi ulikotoka. Nikampa kiti nikaanza kumweleza mambo ya Isimila, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba mwaka wa homa ya uti wa mgongo yeye alikuwa mpishi wa vibarua katika shamba la tumbaku ng'ambo ya korongo. Wengi walikufa. Walikuwa wageni wasio na ndugu, na tajiri akaamuru wafukiwe upesi pale ukingoni. Mmoja wao Evarista alimpenda kama mwanawe. Kijana huyo alikuwa anachechemea, na jioni alimsimulia jinsi baba yake alivyomfunga mguu kwa mianzi na kamba za mgomba, akambeba mgongoni kwenda kanisani mpaka mguu ukashika.

Nilimuuliza jina. Nilikwisha kulijua, Baba, lakini niliuliza.

"Jairosi," alisema. "Alisema kwao ni Kiwira."

Sina la kujitetea. Nimemuulizia ndugu yangu kwa kila nyapara wa Iringa, na kila asubuhi nilikuwa namsogeza pembeni ya meza nipate pa kuweka madaftari.

Juzi tulimfukua, mifupa yake yote iliyobaki, mimi na Evarista na wanafunzi wale wale. Tekla alishika ncha ya shuka tuliyomfungia. Jumamosi ijayo nitapanda basi na Jailos, tupitie Chimala na Mbeya, na Jumapili tutakuwa nyumbani. Chagua mahali uani, Baba, na kilio sasa kiwe.

Liko jambo moja. Wino haujatoka. Nimeusugua mfupa kwa jivu, kwa sabuni, kwa ndimu, mpaka vidole vimechubuka. Mama atataka kumwona, wala usimzuie. Yeye hajui kusoma. Akiuliza pale pameandikwa nini, mwambie ni jina lake.

Nisalimie wote hapo, na majirani waliokuwa wakimkumbuka katika sala.

Mimi mwanao,
Andendekisye