Kadi Namba Saba

3 Machi

Binti yangu fundi,

Hujambo? Mimi sijambo, ila kifua kinakohoa kwa niaba ya ukoo mzima. Mashine uliyobuni imeshafungwa bombani. Tunagusisha kadi, ndoo inajaa. Watu waliuliza mbona haitaki jina wala namba ya siri. Nikawaeleza: ndoo ni senti chache, na kuthibitisha kila malipo kungegharimu kuliko maji yenyewe. Kwa hiyo inaweka hesabu, jioni inazituma zote kwa mkupuo. Muuza mkaa akadakia, "Mwalimu, ungetufundisha hivi zamani tusingefeli!"

Baba yako

20 Machi

Shikamoo baba,

Pole na kifua. Kadi yako ni namba saba. Kila jioni orodha ikifika huku, naitazama hiyo kwanza. Nikiona umechota alfajiri, najua umeamka salama, roho inatulia. Kazi zimenibana, barua zikichelewa usihofu. Nakuona.

Mwanao

2 Juni

Marahaba mwanangu,

Hii ni barua yangu ya tatu bila jibu. Silaumu, naeleza tu. Hunioni mimi, unaiona kadi. Tangu mwezi jana siwezi kunyanyua hata kikombe. Jirani yangu mshona viatu ndiye anayenichotea. Mashine ingeuliza jina, ningekufa kiu, kwa hiyo ulibuni vyema. Ila njoo, mama. Usingoje likizo.

Baba yako

24 Juni

Shikamoo baba,

Nimezoea kuanza hivyo, niache nianze hivyo.

Barua yako ilikaa mezani kwangu siku kumi na moja. Sikuifungua. Ya nini haraka, na namba saba inachota kila alfajiri? Nimeisoma jana, nikampigia msimamizi wa bomba kumwambia nakuja. Akasema, "Dada, mwalimu tulimzika Jumanne. Simu yake ilitushinda kuifungua, tukakosa namba yako, tukakuandikia barua. Haijafika?"

Nikaitafuta orodha ya Jumanne. Namba saba: ndoo kumi na nne. Niliiona jioni ileile, baba. Nilicheka ofisini, nikamwambia mwenzangu, "Mzee wangu amepona, leo anafua mpaka mapazia."

Msimamizi anasema yalikuwa maji ya waombolezaji.

Mwanao