Mlolongo Mfupi wa Baba

Mjukuu wangu Akinyi,

Hili sijamwambia mtu: siku baba yangu alipopoteza ubunge, nilitaka kuacha shule kwa aibu. Huku Kombewa tu wazima, babu anakusalimu. Umeuliza utarudije darasani baada ya kushindwa uchaguzi wa viranja.

Wakati ule watu walipiga kura kwa kupanga mlolongo nyuma ya picha ya mgombea, kila mtu akionekana. Mlolongo wa Baba ulikuwa mfupi. Majirani waliojipanga kwa mpinzani wake waliinamisha macho. Baba akawaendea, akawapa mkono mmoja mmoja.

"Mama Otieno, mlolongo wenu mrefu hivi, miguu haijauma?"

"Mheshimiwa, usinikasirikie."

"Nikikukasirikia, kesho jembe nitaazima kwa nani?"

Mama Otieno akacheka.

Jumatatu nilienda shule. Mwalimu wangu alikuwa amesimama katika mlolongo ule mrefu. Nilitangulia kumsalimu.

Nyanya yako