Pale Tunapoandika Pointi

Segerea, Dar es Salaam
9 Novemba 1997
Pointi:

Kwako shoga yangu Zuena,

Salamu nyingi kutoka kwetu, zivuke maji zikukute wewe na shemeji Badru mkiwa wazima. Vipi kile kifua chako, vumbi la Maskati bado linakusumbua? Sisi tunapumua, watoto wanakwenda shule, Gozbert anakusalimu. Mie nimechoka, Zuena. Nakuambia wewe kwa sababu hapa kila ninayemwambia ananijibu kwamba na yeye kachoka.

Najua jicho lako limeshakimbilia juu ya barua, chini ya tarehe, na umekuta nafasi tupu. Tangu uliponitumia kale kagemu ka kupanga matofali, huu mwaka wa pili, hatujawahi kuandikiana bila kutanguliza pointi na jina la aliyezipata. Wewe huko, mie huku, kila mtu na kagemu kake, na shahidi hakuna. Tuliaminiana tu, kama tulivyokuwa tukiaminiana kule Tandale tulipokaa nyumba moja. Usidhani nimekususa. Soma taratibu.

Kwanza, msiba. Mama mkwe wangu, Mama Auleria, alifariki tarehe kumi na nne mwezi uliopita. Tulimsafirisha kwenda kumzika Bukoba, na nimerudi juzi miguu imevimba kama andazi.

Wewe ulimjua kupitia barua zangu, na barua zangu hazikumtendea haki. Nilikuandikia alivyoletwa kwetu baada ya kupooza upande wa kushoto, alivyokataa uji wangu akidai una madonge, alivyomwambia Gozbert kwamba hakuoa mke, ameoa mpiga chapa. Yote kweli. Ila hadithi niliikatiza katikati.

Ratiba yangu unaijua. Nikitoka ofisini nafika nyumbani saa kumi na moja, nabandika maharage, na yakichemka ndiyo nafasi yangu ya kucheza, nimekaa kwenye kigoda. Watoto walishajua mama akishika kagemu haulizwi kitu. Ilikuwa nusu saa yangu na wewe. Mama Auleria alikuwa akiegemezwa mkekani hapo mlangoni, akinitazama. Siku moja akasema kwamba katika maisha yake hajaona fundi ambaye ukuta ukifika juu ndiyo ameshindwa. Nikacheka, nikampa ajaribu, nikijua atanirudishia mara moja.

Hakunirudishia. Alikaweka juu ya mto, akabonyeza pande zote mbili kwa ule mkono mmoja wa kulia. Wiki ya kwanza alishindwa vibaya, akawa anakagombeza Kihaya. Kufikia Juni, mie nachochea maharage, anayecheza ni yeye. Barua yako ikija, kabla hajauliza lolote, anauliza Zuena amepata ngapi. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi, mie na yule mama, ungetuona usingeamini.

Sasa zile pointi 48,700 za barua ya Juni, zilizokunyima raha hadi shemeji akalalamika kwamba unaunguza wali, si zangu. Ni zake. Mie mpaka leo sijavuka elfu thelathini. Niliandika jina langu kwa sababu nilikuwa nimeshamsema vibaya kurasa na kurasa, nikaona aibu kukuambia kwamba tumepatana. Na kusema kweli, nilipenda ulivyonisifu.

Laiti ingekuwa hilo tu. Jumamosi tarehe kumi na moja Oktoba nilikuwa na nguo za wiki nzima, maji ya bomba hakuna, na mwanangu wa mwisho anaungua homa. Mama tangu asubuhi anaomba kagemu. Ule mlio wake wa ti-ti-ti ulikuwa unanipasua kichwa, sikutaka hata kuufikiria. Nikamwambia betri zimekwisha. Hakuamini, akaomba aone mwenyewe. Nikageuka kando, nikazichomoa, nikazificha kwenye kopo la chumvi, nikampa kagemu kakiwa katupu. Akabonyeza, akabonyeza tena, akakalaza juu ya mto. Akasema basi, tumngoje Zuena atatuma nyingine. Jumanne asubuhi hakuamka.

Niliporudi kutoka mazishini nilizitoa betri kwenye chumvi, nikazipangusa, nikazirudisha. Kagemu kakawaka. Pale panapokaa pointi za juu pakasoma sifuri. Unajua wewe, betri zikitoka kanasahau kila kitu. Hata mie nilikuwa najua, ila siku ile nilikuwa na hasira, sikukumbuka. Gozbert sijamwambia. Anadhani ninamlilia mamaye kama mkwe yeyote, na ananisifia kwa wageni.

Betri nilizokuomba usitume kwanza. Nakuomba kitu kimoja tu. Tafuta barua yangu ya Juni, naamini hujaitupa. Zile pointi hazikubaki mahali pengine popote duniani. Chukua kalamu, ukate Apolonia, uandike Auleria, halafu unijibu kwamba umefanya. Ukinikasirikia una haki, nitavumilia. Lakini usiache kucheza, na ujue unayemfukuza ni nani.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Ni mie shoga yako wa Tandale, niliyekudanganya,
Apolonia