Maziwa ya Wagonjwa

Baba,

Mpunga tumevuna. Bwana mifugo alikuja akapima ng'ombe wote, na yule mwekundu hayupo tena zizini. Nakuambia haya kwa sababu sijui nianzie wapi. Tangu tukuzike sijalia. Shangazi ananitazama kama mtu anayeficha kitu, na kweli nakificha.

Unakumbuka ulivyotutania? Mtu akichemsha maziwa unauliza, "Nani anaumwa humu ndani?" Kwako mzima alikunywa yanayotoka kwa ng'ombe sasa hivi, povu likiwa juu. Ya kuchemsha yalikuwa ya wagonjwa.

Homa ilipoanza tulisema malaria. Ukameza dawa, ukapata nafuu, ikarudi na jasho na maumivu ya kiuno. Nesi wa zahanati akaniita pembeni: nichemshe maziwa yako, maana ng'ombe mwekundu alikuwa ametupa mimba na wewe ndiye uliyemvuta ndama kwa mikono mitupu. Nilirudi nikabandika sufuria. Halafu nikakusikia unakohoa pale nje, nikaipua kabla haijapata moto. Niliogopa ukiona utando juu ya maziwa utajua tumeshakuhesabu mgonjwa. Nikakuletea mabichi. Ukanywa, ukafuta mdomo, ukasema, "Wewe mwanangu unanijua." Nikafanya hivyo kila asubuhi, hadi ulipolazwa Mpanda.

Daktari alisema ni ugonjwa uleule unaowafanya ng'ombe watupe mimba. Uliingia kwenye damu, ukala mlango mmoja wa moyo wako mpaka ukawa haufungi. Nilimwuliza kama ni maziwa. Akasema huenda, au huenda ni yule ndama, au ulianza zamani, hawezi kujua. Na mimi sijui. Nafagia, napika, nalala, sisikii kitu. Wakati mwingine nafikiri hata huzuni inanikwepa kwa yale niliyofanya.

Mama hajui. Anasema nilikuuguza vizuri, anawaambia hata majirani.

Leo asubuhi nimechemsha maziwa ya nyumba nzima. Nimewamiminia wote, na hakuna aliyeuliza nani anaumwa. Mama ameshika kikombe hanywi, anatazama kiti chako. Nadhani anasubiri uulize.

Ni mimi, Baba. Ninayeumwa ni mimi.

Nakuahidi humu ndani hayatanywewa tena mabichi. Na hili lingine ndilo gumu. Pumzika sasa. Naweka kalamu chini, namwambia mama kabla kikombe chake hakijapoa.

Mwanao