Namba Moja ya Alhamisi

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako wa kuinamia cherehani umepoa. Mimi na shangazi hatujambo.

Nimepata kazi, ya kujitolea tu mpaka matokeo ya mtihani yatoke. Naandikisha wanawake wa ghorofa zetu kwa uchunguzi wa saratani ya matiti. Jumatatu tunapita mlango kwa mlango, Alhamisi wanapimwa zahanati, watu kumi na wawili tu. Unanijua, hodi yangu hata paka haamki. Mwalimu wa ghorofa ya tatu alisema hana wakati. Muuza mitumba aliogopa kuvua nguo mbele ya daktari mwanamume. Nilipomwambia anayepima ni mwanamke, akasema atafikiria. Mwingine hakufungua kabisa. Alinijibu akiwa ndani: "Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe."

Na wewe, Mama, lini? Ni saa tano tu kwa basi. Sijakuona tangu nimalize shule.

Mwanao


20 Februari

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mgongo haujambo, unalalamika kwa adabu. Nafurahi umeanza kubisha hodi kwa watu.

Kuja siwezi, tuna sare za shule mia mbili za kumaliza. Haya, hiyo ni sababu ya kumpa jirani. Wewe nikupe ya kweli. Bibi yako aliingia hospitali kwa miguu yake, kikapu mkononi, kama anayepitia sokoni. Wakampima, wakamwambia ni saratani. Baada ya miezi mitatu tukamzika. Najua kipimo hakikumuua. Lakini kila nikiwaza kwenda nakiona kile kikapu. Niache kwanza.

Mama yako


18 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa aibu.

Kila Jumatatu nilikuwa nakuandika wewe namba moja kwenye daftari. Nilijua huji. Nilipenda tu kuliona jina lako pale juu, halafu Alhamisi naangalia mlango. Wiki iliyopita alikuja mke wa fundi viatu, yule wa mlango wa kwanza chini ya ngazi. Hakuwa ameandikwa, na daftari limejaa, akarudishwa. Kufika saa sita muuguzi akauliza, "Huyu namba moja ni nani, mbona haji wiki ya tano sasa?" Nikamsogezea daftari. Akaona jina la ukoo, akaelewa. Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma. Sasa muuguzi mwenyewe anagawa kadi mlangoni asubuhi ya siku yenyewe.

Nilikwenda kumwomba yule mama radhi. Akaniambia, "Nilijipa moyo wa siku moja, binti. Umekwisha." Hajarudi.

Shangazi ameniambia bibi aliuficha uvimbe miaka miwili kabla ya kubeba kile kikapu. Ulijua? Sikulazimishi, Mama. Nakukumbuka tu, na naogopa.

Mwanao


18 Aprili, Alhamisi

Mwanangu,

Hali yako siulizi, naiona. Niko benchi la nyuma, karibu na dirisha. Umekonda. Umevaa blauzi niliyokushonea, na kifungo cha pili umekirudishia kwa uzi mweusi; tutaongea baadaye. Hujainua kichwa tangu niingie.

Nilijua kuhusu ile miaka miwili. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga kitambaa, akanikataza kusema, nikamtii. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nilijua.

Nimefika jana jioni, nikalala kwa shangazi yako mdogo, si huyo unayekaa naye, ili nisikutane nawe nikabadili nia. Asubuhi nimepita kwa mke wa fundi viatu, nikapiga hodi inayosikika. Nimemwambia moyo wangu nao ni mdogo, tuuchange. Huyo hapo mbele, mwenye kadi namba moja. Mimi nina ya kumi na mbili.

Nampa muuguzi karatasi hii akuletee. Usinikimbilie. Ukinikumbatia sasa nitalia, na nikilia nitaondoka. Waite wenzangu kwa zamu zao. Ikifika yangu, niite kwa sauti. Nimetoka mbali kuisikia.

Mama